Mzoga Ndani ya Faili la Funguo

Aliyefungua mlango wa chumba cha seva kutoka ndani hakuwa jambazi wala mzimu, ndugu msomaji. Afadhali angekuwa mmoja wao. Alikuwa shemeji.

Bi Mkavu alibaki na mkono hewani, kitasa kimemponyoka. Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita: amesimamishwa kazi, amekatazwa kukanyaga ghorofa hiyo, na kwenye simu yake kuna ujumbe kutoka namba asiyoijua. "Nenda chumba cha seva sasa hivi. Wanasafisha."

"Karibu, shemeji," alisema yule mwanamume, kama mtu aliye sebuleni kwake. "Nilikuwa nafungua nipate hewa. Humu ndani baridi ya mochwari."

Huyo ndiye mume wa mdogo wake, na kazini wanamwita Wingu. Ukimuuliza kitu chochote kiko wapi, hujibu kuwa kiko kwenye wingu. Yeye ndiye mshauri aliyeliuzia shirika la maji programu ya Chemchemi, ile inayobeba kila kitu kuanzia ankara za wateja hadi vipimo vya usalama wa maji kwenye matangi. Aliiuza, akaisimika, kisha akaajiriwa kushauri namna ya kuishi nayo.

Bi Mkavu ni msimamizi wa seva. Jina lake nalo lina historia fupi: hajawahi kucheka utani wa Mkurugenzi. Shirika zima hucheka. Yeye husubiri uishe.

"Unafanya nini kwenye seva yangu?"

"Yako ya wapi? Umesimamishwa." Wingu alirudi kwenye kiti, laptopu yake ikiwa imeunganishwa na seva. "Mkurugenzi kasema kabla kamati haijakaa, takataka zote zitoke. Kuna mzoga mmoja hapa tangu juzi."

Juzi ndiyo siku yenyewe. Juzi Chemchemi ilianguka, na ilipoanguka faili la funguo likaharibika. Faili hilo ndilo linaloiambia seva nani ni nani na nani anaruhusiwa nini. Likiharibika, hakuna anayeingia. Tangu juzi mafundi wanafungua pampu kwa mikono na spana, na makarani wanakaa mbele ya kompyuta zinazowakana kama watoto wasiowajua.

Na kwa kuwa mtu mmoja tu katika shirika ana ruhusa ya kuliandika faili la funguo, Mkurugenzi alifikia uamuzi kabla chai yake haijapoa. Ni Bi Mkavu. Kamati ilikuwa ikae asubuhi hiyohiyo. Akishindwa kueleza, angetoka chumba cha mikutano akiwa na polisi.

"Usiguse huo mzoga," alisema Bi Mkavu.

Programu ikifa ghafla, mfumo wa kompyuta huandika kwenye diski kila kitu kilichokuwa kichwani mwa programu hiyo dakika ya kufa: ilikuwa inasoma nini, inamhudumia nani, imeshika nini mkononi. Faili hilo ndilo ambalo mafundi wa shirika huliita mzoga. Fundi makini huupasua ajue kilichoua. Wingu huufuta, kwa sababu unajaza diski.

"Shemeji, ni takataka tu."

"Hufuti maiti kabla daktari hajaiona."

"Na wewe si daktari," alisema Wingu kwa upole, akabonyeza kitufe cha kufuta.

Mzoga ukatoweka kwenye skrini.

Mwingine angepiga yowe. Bi Mkavu aliinama, akasoma mstari mmoja uliobaki chini ya skrini, akausoma tena.

"Ulichofuta kilikuwa na ukubwa gani?"

"Si mzoga huo? Mkubwa."

"Soma."

Wingu akasoma. Paji la uso likajikunja. "Hii mashine imekosea. Inasema herufi chache. Kama anwani."

"Mzoga wa Chemchemi hujaza nusu ya diski. Hicho ulichofuta hakijazi mstari." Bi Mkavu alivuta kiti akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu juzi mabega yake yakashuka. "Hukufuta mzoga, shemeji. Umebandua kibao."

"Kibao gani?"

Tumsaidie Wingu, maana analipwa kujua. Ndani ya kompyuta mtu anaweza kuweka jina lililokaa mahali pa faili lakini lenyewe si faili. Kazi yake ni kuelekeza tu. Ni kama karatasi iliyobandikwa mlangoni: ofisi hii imehamia ghorofa ya pili. Mfumo ukienda kuandika na ukakuta kibao, haubishani nacho. Unapanda ghorofa ya pili na kuandika huko. Lakini ukiambiwa ufute, haupandi popote. Unabandua karatasi mlangoni, basi. Ghorofa ya pili meza zote ziko palepale.

"Mtu aliweka kibao kwenye folda ya mizoga," alisema Bi Mkavu, "akakipa jina la mzoga, na akakielekeza kwenye faili langu la funguo. Chemchemi ilipokufa, mfumo ukaja kuweka mzoga pale pa kila siku, ukakuta kibao, ukakifuata. Ukaumwaga mzoga wote juu ya funguo. Kwa hiyo faili la funguo halikuharibiwa na mtu. Limelaliwa na maiti."

"Haiwezekani. Faili lile limefungwa. Anayeweza kuliandika ni wewe tu."

"Mimi na Chemchemi. Nani aliipa Chemchemi mamlaka yote ya seva?"

Wingu alitazama viatu vyake, vizuri kweli. "Ikinyimwa ruhusa inalalamika."

"Nani alifungua folda ya mizoga kwa kila mtu, hadi mgeni?"

"Walikuwa wananipigia simu kila ikianguka. Nikasema kila mtu ajifutie mwenyewe. Huo ni ugatuzi, shemeji."

"Na nani aliamua mzoga uwe na jina lilelile siku zote, ili hata kipofu ajue kibao akiweke wapi?"

"Sasa unauliza kwa nia mbaya."

"Nauliza ili nipate majibu. Sikiliza. Mzoga wenyewe upo, salama, ndani ya faili la funguo. Hilo ni jema kwangu. Lakini kila kibao hubeba jina la aliyekiweka, na hicho ndicho kitu pekee ambacho kingeniokoa moja kwa moja." Alikitazama kidole cha shemeji yake. "Umekibandua sasa hivi, mbele yangu, baada ya kukuambia usiguse."

Wingu alikificha kidole kwenye kiganja. Halafu akaanza kuifunga laptopu.

"Usiifunge." Sauti ya Bi Mkavu haikupanda, lakini mkono wa Wingu ulisimama. "Wewe uliingia kabla ya ajali na ukasahau kutoka. Seva bado inakutambua, tena kwa mamlaka yote, kwa sababu wewe huwa huingii kama binadamu wa kawaida."

"Nikiingia kawaida inaniuliza maswali."

"Leo uvivu wako ndio mlango pekee uliobaki kwenye jengo hili. Ibebe ikiwa wazi. Twende juu."

Walipanda ngazi, Wingu akiwa ameishika laptopu kifuani kama mama mwenye mtoto mchanga.

"Leo sina nguvu kabisa," alinong'ona, kana kwamba hakuna lililotokea. "Mdogo wako siku hizi anachemsha maji kutwa nzima. Ya kunywa, ya kupigia mswaki, ya kusuuzia vikombe. Gesi imeisha tena. Nikimuuliza, ananiambia nilalamike kwa shirika la maji."

Bi Mkavu alikuwa anafikiria vibao.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, projekta, na jagi kubwa la maji ya bomba katikati. Kauli mbiu ya shirika iko ukutani: Tunakunywa Tunachouza. Kila mjumbe alikuwa na glasi yake. Mkurugenzi peke yake alikuwa na chupa ya kiwandani, kizibo hakijavunjwa. Alisema ni kwa ajili ya koo.

Mkurugenzi huyu wafanyakazi wanamwita Tuko Vizuri. Bomba likipasuka, tuko vizuri. Mishahara ikichelewa, tuko vizuri. Juzi seva ilipozimika aliwaambia waandishi wa habari maneno hayohayo mawili, kisha akageuka akauliza seva ni nini.

Kulia kwake alikaa Mwanasheria wa shirika, mwanamke wa sauti ndogo anayeuliza swali moja kwa wakati na kunywa maji katikati ya maswali. Kwenye kona, kompyuta ndogo mapajani, alikaa mwandishi wa kumbukumbu. Huyo ndiye mdogo wake Bi Mkavu, mke wa Wingu. Ana shahada ya kompyuta. Mkurugenzi alimpa kuandika mihtasari kwa sababu, kwa maneno yake, msichana huyu ana utulivu. Tangu dada yake asimamishwe, alikuwa amekatazwa kuzungumza naye. Hakuinua macho.

"Tuna mambo mawili," alianza Mkurugenzi. "La kwanza ni hujuma ya seva. La pili ni hizi karatasi zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo usiku usiku, eti wananchi chemsheni maji. Uvumi mtupu. Nimezibandua kwa mikono yangu mwenyewe. Tuanze na la kwanza."

Bi Mkavu alieleza. Hakutumia maneno mengi. Mzoga, kibao, folda iliyo wazi, programu yenye mamlaka kupita akili yake.

Mwanasheria alikunywa funda moja. "Hicho kibao kiko wapi?"

"Kimefutwa."

"Na nani?"

Vichwa vikageuka. Wingu akajikohoza. "Nilikuwa nasafisha."

"Kwa hiyo, Bi Mkavu, una maelezo mazuri na huna ushahidi."

"Sina kibao cha juzi. Naweza kukuonyesha kingine. Tena sitagusa kitu. Utafanya wewe."

"Mimi sijui kompyuta."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Ile kompyuta ya projekta iko wazi kwa akaunti ya mgeni, haijawahi kuzimwa tangu inunuliwe. Mgeni hana ruhusa hata ya kubadilisha picha ya nyuma." Akamgeukia Mkurugenzi. "Kuna faili lolote kwenye seva ambalo hakuna mwingine anayeweza kuliandika isipokuwa wewe?"

"Hotuba yangu ya maadhimisho," alisema Mkurugenzi kwa fahari. "Nimeifunga. Kuna watu hapa wangeniwekea maneno mdomoni."

"Mwanasheria anaweza kuiharibu akiwa kama mgeni."

"Hawezi."

"Basi akijaribu hatupotezi kitu."

Mkurugenzi aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Mtu akishasema hawezi mbele ya kamati, hana pa kurudi. "Ajaribu. Tuko vizuri."

Mwanasheria alikaa kwenye kompyuta ya projekta, akaandika kwa vidole viwili alichoelekezwa. Kwanza alijaribu kuifungua hotuba aibadilishe; seva ikamkatalia. Wajumbe wakaguna kwa kuridhika. Halafu akaweka kibao kwenye folda ya mizoga, kikielekeza kwenye hotuba. Seva haikumkatalia. Kuweka karatasi mlangoni si kosa.

"Sasa iue Chemchemi."

"Naiuaje?"

"Fungua fomu ya malalamiko ya mteja. Jaza kila kitu, ila namba ya mita iache tupu. Tuma."

"Hivyo tu?"

"Tumeripoti tangu ilipofika. Mshauri alijibu kuwa si hitilafu, ni tabia."

Mwanasheria akatuma. Skrini ikaganda, ikageuka nyeupe, Chemchemi ikafa bila neno. Baada ya muda kidogo ikajifufua yenyewe, kama kawaida yake, bila aibu.

"Ifungue hotuba, uisome tu."

Kwenye ukuta, mahali ambapo palipaswa kusomeka Ndugu Wageni Waalikwa, zilitiririka alama, nukta, vipande vya majina ya wateja na mitaa isiyo na mwisho. Hotuba ilikuwa imezikwa.

Mwanasheria aliitazama kwa makini. "Kwa kweli," alisema, "sasa ina mambo mengi kuliko ile niliyoihariri."

Mkurugenzi alikuwa ameegemea mbele. "Kuna nakala?"

"Iko kwenye wingu," alisema Wingu, na kila mtu akamwangalia.

Mwanasheria alirudi kwenye kiti chake na glasi yake. "Nimeelewa. Aliyefanya hakuhitaji funguo. Alihitaji kujua tabia za Chemchemi. Nani anazijua?"

"Kila aliyewahi kusahau namba ya mita."

"Yaani shirika zima. Asubuhi nilikuwa na mshukiwa mmoja, sasa ninaye kila meza. Sina hakika kama umenisaidia au umenitupia mzigo."

"Subiri nimalize. Mzoga wa juzi bado upo, ndani ya faili la funguo. Ndani yake kuna ombi la mwisho lililoiua Chemchemi, na akaunti iliyolituma. Laptopu ya mshauri inaweza kuusoma. Niruhusu ninakili kwanza."

"Hapana," alisema Mkurugenzi haraka mno. "Takataka hazisomwi kwenye kamati."

Mwanasheria alimtazama kwa muda. "Isomwe. Ila hakuna kunakili. Ushahidi ukiwa na nakala mbili, mawakili huuliza ipi ni ya kweli mpaka hakimu anastaafu."

Bi Mkavu aliona huo ni upuuzi na alitaka kusema hivyo. Lakini mshtakiwa hachagui kanuni. Waya wa projekta ukachomekwa kwenye laptopu ya Wingu, naye Wingu akabaki amekaa mbele yake, kwa sababu ni yake na alikataa kuhama. Bi Mkavu alisimama nyuma ya bega lake akimwambia abonyeze wapi.

Mzoga ukafunguka ukutani.

Kwanza yalipita makorokoro. Halafu vipande vinavyosomeka, maana programu ikifa haipati nafasi ya kuficha chochote. Namba za simu. Malalamiko ya mama mmoja kuhusu bomba lake. Kisha mstari peke yake: nywila, na mbele yake, herufi ndogo zilizoungana: tukovizuri.

Mtu alikohoa.

"Hiyo si yangu," alisema Mkurugenzi.

"Hakuna aliyesema ni yako," alisema Mwanasheria.

"Endelea chini," alisema Bi Mkavu. "Hapo. Simama."

Ombi la mwisho. Fomu ya malalamiko, namba ya mita tupu. Chini yake, akaunti iliyolituma. Herufi zilikuwa ndogo, na aliyekuwa karibu kiasi cha kuzisoma ni yeye tu. Hata Wingu alikuwa amefumba macho, anaombea mkataba wake.

Bi Mkavu alisoma kimya. Akasoma tena.

Nyumbani kwao, tangu utotoni, yeye ndiye aliyekuwa anaulizwa nani kavunja kikombe, kwa sababu hakuwahi kumwokoa mtu, hata nafsi yake. Mama yao alikuwa akisema mtoto huyu ungemwachia soko zima. Angeweza sasa kusema maandishi yameharibika. Wangemwamini. Nani angejua?

"Akaunti," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile, "ni ya mwandishi wa kumbukumbu."

Vidole vilivyokuwa vinagonga herufi kule kwenye kona vikasimama.

Wingu alifumbua macho. Mdomo wake ulibaki wazi kwa mshangao safi kabisa, mshangao wa mtu asiyejua lolote, na Bi Mkavu akajua hapo hapo kwamba shemeji yake hakuwa kwenye njama yoyote. Alikuwa amefuta ushahidi kwa ujinga halisi, usiochanganywa na kitu.

"Mke wangu?" alisema Wingu. "Mke wangu hajui hata kutoa programu kwenye simu."

"Nina shahada, baba," alisema mkewe bila kuinuka. "Iko ukutani sebuleni. Umeweka picha yako juu yake."

Mkurugenzi alikuwa ameshasimama. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. "Basi. Mambo yamejieleza yenyewe. Dada ana funguo, mdogo ana kibao. Njama ya ukoo mmoja. Mwanasheria, ita polisi kwa wote wawili."

"Hili linakuweka pabaya, Bi Mkavu," alisema Mwanasheria. "Pabaya kuliko asubuhi."

"Najua."

"Dada," alisema mdogo wake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu juzi. "Soma ombi lililotangulia langu."

"Mwandishi haruhusiwi kuzungumza," alisema Mkurugenzi.

"Na sizungumzi. Naomba isomwe, iingie kwenye kumbukumbu."

Bi Mkavu alimgusa Wingu begani. Wingu akapandisha ukurasa kidogo na kuyakuza maandishi. Safari hii herufi zilijaa ukuta mzima, kila mtu akazisoma mwenyewe, lakini Bi Mkavu alizisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa.

"Amri: badilisha kipimo. Mahali: tangi la juu. Hali ya zamani: maji hayafai kunywewa. Hali mpya: maji yanafaa. Akaunti," akamgeukia Mwanasheria, "ya Mkurugenzi."

Mwanasheria alikuwa na glasi mdomoni. Aliirudisha mezani taratibu, kama mtu anayeweka chini yai.

"Chemchemi ikibadilisha kipimo inakifuta cha zamani," alisema mdogo mtu, akimtazama dada yake tu. "Haiachi alama. Muda pekee ambao vyote viwili vipo pamoja ni pale inapobadilisha, kichwani mwake. Mkurugenzi alishawahi kufanya hivyo mbele yangu, mwezi uliopita. Mimi huwa nipo tu pembeni, nina utulivu. Nikaweka kibao mapema, nikasubiri. Juzi akaniambia, 'Mama, ngoja kidogo, narekebisha kitu.' Alipobonyeza, na mimi nikabonyeza."

"Kwa nini faili la funguo?" aliuliza Mwanasheria.

"Folda ya mizoga mume wangu anaifagia kila wiki. Nilitaka mzoga ulale mahali ambapo hakuna atakayeweza kuupuuza, na ambapo lazima aitwe dada. Sikujua watamsimamisha kwanza na kunipa mimi kuandika mashtaka yake." Aliifunga kompyuta yake ndogo. "Karatasi za chemsha maji nazo ni zangu, na ule ujumbe wa leo kwenye simu ya dada."

"Ulijua nitakuta jina lako," alisema Bi Mkavu.

"Nilijua. Nilijua pia utalisoma. Dada mwingine angenificha, na ombi la Mkurugenzi lingefichwa pamoja na langu."

Bi Mkavu aliligeukia tena lile jina ukutani.

Mwanasheria aliitazama chupa ya kiwandani mbele ya Mkurugenzi. Kizibo kilikuwa kimevunjwa, maji yamepungua. Akalitazama jagi, lililokuwa karibu tupu. Akawatazama wajumbe, kila mmoja na glasi yake.

"Mkurugenzi," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Tuko vizuri?"

Mkurugenzi alikuwa ameegemea upande wa Wingu, na uso wake ulikuwa mtulivu kwa namna iliyomfanya Bi Mkavu asogee hatua mbele.

"Mshauri," alisema Mkurugenzi. "Faili hilo limefunguliwa kwenye laptopu yako, kwa mamlaka yako. Nakala hakuna, Mwanasheria mwenyewe amekataza. Mkataba wako wa kuhamishia shirika zima kwenye wingu uko ofisini kwangu, unangoja sahihi. Nilikuagiza asubuhi usafishe. Hukumaliza."

Mwanasheria aliinuka, lakini meza ilikuwa ndefu. Bi Mkavu alinyoosha mkono. Wingu akaivuta laptopu kifuani, bila kufikiri, kama alivyoibeba kwenye ngazi.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe kilekile cha asubuhi. Safari hii hapakuwa na kibao. Lilikuwa faili lenyewe, moja tu duniani, na asubuhi hiyohiyo Bi Mkavu, kwa uvumilivu wote, alikuwa amemfundisha tofauti.

"Baba," alisema mkewe kutoka kwenye kona. "Chai yako ya leo niliipikia maji yaliyochemka. Hapa ofisini umekunywa glasi ngapi?"

Wingu aliiangalia glasi yake. Ilikuwa tupu. Aliangalia jagi, akamwangalia Mkurugenzi, akamwangalia mkewe, akatafuta usoni mwa kila mmoja mtu wa kumshauri.

Hakumpata. Kidole kikashuka, kitufe kikabonyea.